KITU KIPO KARIAKOO, KWANINI UKITENGENEZE? JIBU LANGU KUTOKA TABORA



Kuna kauli naisikia kila wiki dukani kwangu, na najua hata wewe umeshaisikia: "Sasa kitu kipo Kariakoo, cha China, bei chee, wewe unakitengeneza cha nini?" Anayesema hivyo anajiona ameongea akili ya biashara. Mi nasema ameongea nusu tu. Leo nataka tuimalizie ile nusu nyingine, na mfano wangu ni kitu ambacho wengi wenu hamjawahi kukiuza: pedeli ya gitaa, ile ya kukwaruza sauti, wanamuziki wanaiita distosheni.

Usiondoke kwa sababu huuzi vitu vya muziki. Kama unauza viatu, uji wa lishe, majiko au mikoba, somo ni lile lile.

Nina frem ndogo hapa Tabora mjini. Natengeneza redio, spika na amplifaya, nauza nyaya, jeki na betri. Niliishia kidato cha nne, ufundi sikuusomea darasani. Nilijifunza kwa kufungua redio mbovu, kuangalia bodi na kuuliza waliotangulia. Pedeli nazijenga mwenyewe mezani, boksi la bati, aisii moja, vikolokolo vichache, na zinauzika. Siuzi nyingi. Ila kila moja imenifundisha biashara kuliko semina.

PEDELI NI NINI HASA

Twende taratibu kwa asiyejua. Gitaa la umeme linatoa umeme mdogo sana, sehemu tu ya volti moja. Pedeli inaupokea kabla haujafika kwenye amplifaya na kuukuza mara nyingi, hata mara mia na zaidi. Sasa fikiria mtu mrefu anapita kwenye mlango mfupi. Kama haini, kichwa kinagonga. Umeme nao ukikuzwa kupita kiasi unagonga dari, yale mawimbi yake yanakatwa juu na chini, yanakuwa bapa. Sikio linalisikia hilo bapa kama ukali, mkwaruzo, sauti yenye kifua. Na nota inakaa muda mrefu zaidi kabla haijafa.

Kazi ya kukata inafanywa na dayodi mbili zilizowekwa kinyume, moja inakata juu na nyingine chini. Ukiweka dayodi za kawaida, zile ndogo za kioo 1N4148, zinaanza kukata kwenye volti 0.6 hivi. Ukiweka taa ndogo nyekundu za LED badala yake, zinasubiri mpaka karibu volti 1.7. Yani mlango umekuwa mrefu, kichwa kinagonga kidogo tu. Dayodi za kwanza zinafoka, taa zinaongea kwa heshima. Tofauti ya gharama haifiki hata bei ya soda moja. Kumbuka hilo, tutalirudia.

KASORO ILIYOGEUKA BIDHAA

Watu wanadhani kitu hiki kilibuniwa na mainjinia waliokaa ofisini. Hapana. Kilianza kama ubovu. Huko Nashville, Marekani, walikuwa wanarekodi wimbo wa Marty Robbins unaoitwa "Don't Worry", uliotoka mwaka 1961. Njia moja ya mtambo wa studio ilikuwa na hitilafu, na gitaa la Grady Martin likatoka linakwaruza kama nyuki ndani ya mtungi. Badala ya kufuta, waliiacha. Wimbo ukapendwa, wanamuziki wengine wakaanza kuulizia ile sauti. Fundi mitambo wa pale, Glenn Snoddy, akishirikiana na mwenzake Revis Hobbs, wakatengeneza saketi ya kuitoa ile sauti kwa makusudi. Kampuni ya Gibson ikaichukua, na mwaka 1962 ikaingia sokoni kwa jina la Maestro Fuzz-Tone.

Sasa sikiliza upande wa biashara. Mwanzoni ilidoda. Maduka yalijaza mzigo, wateja hawakuona kazi yake. Mwaka 1965 The Rolling Stones wakaitumia kwenye "Satisfaction", mzigo uliokuwa umedoda ukaisha. Kifaa hakikubadilika. Kilichobadilika ni kwamba mteja alikisikia kikifanya kazi kwenye muziki anaoupenda. Huko Uingereza nako, mwaka 1964, Dave Davies wa The Kinks alikuwa ameshachoka kusubiri, akachana spika yake kwa wembe ili apate mkwaruzo.

Usije ukaniambia hayo ni mambo ya Wazungu. Jirani zetu Zambia, miaka ya 1970, vijana kama Paul Ngozi na kundi la WITCH walipiga magitaa yanayokwaruza mpaka muziki wao ukapewa jina la Zamrock. Kinshasa, mzee Mingiedi Mawangu wa Konono N°1 alitaka likembe yake isikike kwenye kelele za jiji. Akatengeneza vinasa sauti mwenyewe kwa sumaku za vipuri vya magari. Sauti ikatoka inakwaruza, hakuikimbia, akaifanya ndiyo alama ya bendi, na albamu yao ya mwaka 2004 ikasikika dunia nzima.

Na kabla ya umeme wote huo, Wagogo, ambao karavani za kuja huku zilikatiza nchi yao, walikuwa wanaziba tundu la ilimba kwa utando wa buibui ili ichachatike kidogo. Kina Hukwe Zawose wameipeleka sauti hiyo mbali sana. Kwahiyo sikio la Mwafrika kupenda mchachatiko sio jambo geni. Swali la mfanyabiashara ni moja: mchachatiko kiasi gani, na kwa nani?

SHANGA ZILIZODODA UNYANYEMBE

Hapa ndipo historia ya mji wetu inaponisaidia kuliko kitabu chochote cha ujasiriamali.

Karne ya 19 Tabora, Unyanyembe, ilikuwa kituo kikubwa cha karavani. Mzigo unatoka Bagamoyo unapandishwa mabegani, unapita Ugogo, unafika hapa. Kutoka hapa njia zinagawanyika, nyingine Ujiji na Ziwa Tanganyika, nyingine kaskazini Karagwe na Buganda. Burton na Speke walipofika hapa mwaka 1857 walikuta ni mji wa biashara kabisa. Nguo za merikani, nyaya za shaba, baruti na shanga vinaingia, pembe za ndovu zinatoka, na watumwa pia, tusifiche. Wapagazi Wanyamwezi ndio waliokuwa miguu ya biashara yote ile.

Sasa hizo shanga. Zilikuwa na aina nyingi sana, na kila sehemu ilikuwa na fasheni yake. Hapa wanataka nyekundu, mbele kidogo wanataka za bluu, safari nyingine hizo hizo wamezichoka. Wasafiri wa wakati ule wameandika wazi kwamba mfanyabiashara aliyebeba rangi isiyotakiwa anaweza kukaa na mzigo mzima hata chakula asipate. Miezi njiani, wapagazi wamelipwa, hongo zimetolewa kwa watemi, halafu mama wa kijijini anaziangalia anasema hapana, hizi hatuvai. Ubora haukuwa na shida. Zilikuwa shanga nzuri kabisa kwa watu wengine.

Ndugu yangu, hiyo ndiyo pedeli ya kutoka nje ikifika Tabora. Ni nzuri, ila kwa watu wengine.

WATEJA WANGU NI NANI

Wanaopiga gitaa la umeme hapa kwetu kwa wingi wako kanisani. Kwaya, timu za kusifu, halafu bendi chache za harusi na sherehe. Na hawapigi roki. Wanapiga solo nyororo ya juu, mara nyingi nyuzi mbili kwa pamoja. Hiyo ni asili yetu. Huu ni mji wa Tabora Jazz, wa Nyanyembe Jazz, wa Kiko Kids ya Salum Zahoro. Mji ambao Shem Karenga na wenzake waliutangaza kwa "Dada Asha". Magitaa yale yalikuwa safi, yanaongea kama watu wanajibizana.

Sasa chukua pedeli iliyotengenezwa kwa ajili ya roki nzito, mpe huyu mtu. Akigonga uzi mmoja, sawa. Akigonga nyuzi mbili kwa pamoja, sauti inageuka uji. Sio kwamba imeharibika. Ukikata mawimbi ya nota mbili kwa nguvu yanazaa nota nyingine ambazo hakuzipiga, na hizo zinagombana na zake.

Kuna shida ya pili, na hii ndiyo iliyonipa biashara. Pedeli za nje zinategemea kwamba gitaa litaenda kwenye amplifaya ya gitaa. Spika ya amplifaya ya gitaa haitoi vizuri sauti kali za juu, ikipita kama 5,000 Hz inashuka yenyewe. Kwahiyo ule ukali wa mkwaruzo unachujwa na spika. Huku kwetu makanisa mengi hayana amplifaya ya gitaa. Gitaa linachomekwa moja kwa moja kwenye mikisa, linatokea kwenye spika kubwa zenye honi, zile zile za mhubiri. Honi haichuji kitu, inatoa kila kitu. Matokeo yake ni nyuki waliokasirika, na sisi watu wa Tabora nyuki tunawajua vizuri.

Mteja anafanya nini? Anasema pedeli mbovu. Anaiweka kabatini. Au anairudisha kwa aliyemuuzia, wanagombana, na muuzaji naye haelewi kwa sababu kwake kaijaribu na spika ndogo ikawa poa.

Alikuja mzee mmoja dukani, amepiga gitaa la dansi tangu ujana wake, sasa anafundisha vijana wa kwaya. Nikamsalimia, "Shikamoo mzee." "Marahaba mwanangu. Nimeletewa hiki kidude kutoka mjini, vijana wanakisifia, mimi naona kinatukana." Nikakicheka kidogo, nikamuuliza anataka kifanye nini. Akafikiri, akasema: "Nataka gitaa liombe. Lisifoke."

Hiyo sentensi ndiyo oda bora niliyowahi kupewa. Hakuna katalogi ya kiwanda yenye kitufe cha "liombe, lisifoke". Lakini mezani kwangu kipo, na ni vitu vitatu.

Kwanza, natoa dayodi za 1N4148 naweka taa nyekundu, mkato unakuwa mpole na nyuzi mbili zinaelewana. Pili, napunguza besi kabla ya kukata, kwa kuweka kapasita ndogo zaidi mwanzoni, maana besi ndiyo inayovuruga uji. Tatu, mwishoni kabisa naweka chujio, rezista ya kilo-om 4.7 na kapasita ya nanofaradi 10 kwenda chini. Hivyo viwili vinaanza kushusha ukali kwenye 3,400 Hz hivi, kazi ambayo spika ya gitaa ingeifanya kama ingekuwepo. Honi ya kanisa sasa inapewa sauti iliyokwisha chujwa.

Ile kapasita ya nanofaradi 10 unaipata kwenye redio mbovu bure. Lakini ndani yake kuna jibu la swali la "kwanini utengeneze". Kiwanda hakiwezi kuiweka kwa sababu hakijui kwamba kanisa la Isevya linatumia honi. Mimi najua, kwa sababu spika zao nimezifungua mwenyewe.

HOJA YANGU KWA UFUPI

Usitengeneze kitu ili kishindane na Kariakoo kwa bei. Utapigwa. Wao wananunua kwa kontena, wewe unanunua kwa bahasha. Tengeneza pale tu ambapo unajua kitu kuhusu matumizi ya mteja ambacho aliyekitengeneza mbali hakijui. Kama hujui kitu cha ziada, agiza, uza, pata faida yako ndogo, maisha yaende. Hakuna aibu.

Jiulize wewe muuza viatu: unajua nini kuhusu barabara za kwenu? Muuza majiko: unajua mama ntilie wa hapo anatumia kuni za mti gani na sufuria ukubwa gani? Hilo unalolijua ndiyo kapasita yako. Likitafute kwanza, ndipo ununue vifaa.

HESABU, MAANA HAPA NDIPO WENGI WANALIA

Namba hizi ni za mfano, bei zinabadilika, weka za kwako. Tuseme pedeli moja:

Aisii ya 4558: 1,000
Rezista, kapasita na taa za LED: 2,000
Volyumu mbili: 2,000
Jeki mbili: 3,000
Swichi ya kukanyaga: 6,000
Bodi ya matundu na nyaya: 2,000
Boksi la bati: 3,000
Klipu ya betri na soketi ya adapta: 1,500
Betri ya volti 9: 2,500

Jumla 23,000. Ukiuza 55,000 utaona watu wanashangilia: faida 32,000! Sio kweli. Ongeza sehemu ya nauli ya mzigo kwa basi, tuseme 2,000. Tumefika 25,000. Ongeza kazi yako. Saa tano, kila saa 3,000, ni 15,000. Tumefika 40,000. Weka na akiba ya kurudi kwa matengenezo, asilimia 10, yani 4,000. Tumefika 44,000. Faida ya duka ni 11,000. Hiyo ndiyo hela ya kulipia frem na kuongeza mtaji. Ile 15,000 ni mshahara wako, sio faida, hata kama vyote vinaingia mfuko mmoja.

Kwanini nasisitiza? Kwa sababu siku utakayotaka kumweka kijana akusaidie, huyo kijana hatalipwa kwa mapenzi yako ya ufundi. Kama bei yako haikuwa na mshahara ndani yake, utagundua kwamba biashara ilikuwa inaishi kwa kukunyonya wewe mwenyewe.

Angalia pia swichi, elfu sita, zaidi ya robo ya vifaa vyote. Swichi ya kukanyaga usibane. Ndicho kitu pekee ambacho mteja anakigusa kwa mguu kila siku. Duka moja la mjini ambalo nilikuwa naagiza lilinitumia swichi 20, saba zikawa hazishiki, nikaambiwa mzigo ukishapanda basi haurudi. Tangu hapo sinunui 20 kwa mpigo kwa muuzaji nisiyemzoea. Naagiza tatu, nazipima na multimita, nazikanyaga mara 50 zikiwa tupu, ndipo naongeza.

WANAOPINGA WANA HOJA, TUWAJIBU

Hoja ya kwanza: soko ni dogo. Kweli kabisa. Tabora haina wapiga gitaa wa kujaza duka. Ndiyo maana pedeli haijabeba biashara yangu peke yake. Inavuta. Anayekuja kwa pedeli anahitaji waya, jeki, betri, na spika ya kanisa ikikohoa anajua pa kuipeleka. Ungenipa nichague kati ya kuuza pedeli 10 kwa watu nisiowajua na kuuza tatu kwa makanisa matatu, ningechukua makanisa matatu. Na siku hizi oda zinatoka nje ya mji pia, Urambo, Kaliua, Nzega, Sikonge. Mtu amesikia gitaa kwenye mkesha, ameuliza, ameelekezwa.

Hoja ya pili: kuna mashine za kidijitali, hata simu ina programu ya kukwaruza gitaa. Ni kweli na ni nzuri. Lakini mwambie mpiga solo wa kwaya abonyeze simu katikati ya wimbo, na hapo hapo mama mchungaji anapiga simu. Pia mashine ya kidijitali ikifa imekufa, kuipata bodi yake ni kazi. Pedeli yangu ikifa nafungua skrubu nne, shida naiona kwa macho, mara nyingi ni waya uliokatika kwenye jeki au volyumu imeingia vumbi. Na vumbi la kiangazi la hapa mnalijua.

Hata kuungua, nimeshajifunza chanzo kikubwa ni adapta. Pedeli nyingi zinataka hasi iwe katikati ya pini. Adapta nyingi za redio na vifaa vya intaneti zina chanya katikati. Mteja anachomeka inayoingia, moshi unatoka. Kwahiyo kila pedeli ninayojenga ina dayodi moja mlangoni inayozuia umeme uliogeuzwa. Inalinda kifaa na inalinda urafiki. Hili nalo kiwanda hakijui, kwamba kwetu adapta inaazimwa.

Hoja ya tatu, na hii inanikera: "Bandika jina la kampuni kubwa, itauzika mara mbili." Hapana. Kwanza ni kosa. Nchi hii ina Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963 na Tume ya Ushindani, FCC, inakamata bidhaa bandia. Pili ni ujinga wa biashara. Ukibandika jina la mwingine, pedeli ikisifiwa umesifiwa yeye, ikiharibika unatafutwa wewe. Bandika jina la duka lako na namba ya simu, kwa rangi isiyofutika, ndani na nje ya boksi. Hilo ndilo tangazo lako la miaka mitano.

KWA ANAYETAKA KUANZA

1. Usianze na kununua vifaa. Anza na kwenda mazoezi ya kwaya mbili tatu, kaa nyuma, sikiliza. Angalia gitaa linachomekwa wapi. Muulize mpigaji nini kinamkera.

2. Jenga moja ya kuonyesha. Moja tu. Iwe ya duka, haiuzwi. Mteja aipeleke kanisani kwake aijaribu kwenye spika zake, usimjaribishie dukani kwako. Dukani kila kitu ni kitamu.

3. Chukua nusu ya bei kabla hujashika kifaa. Asiyeweza kutoa nusu hana oda, ana maongezi.

4. Boksi liwe la bati, sio plastiki. Bati likiunganishwa na upande wa chini wa saketi linazuia mvumo wa umeme na redio kuingia kwenye sauti. Makopo safi ya chuma yanafaa kwa kuanzia, ila kingo zake uzikunje vizuri, mtu asikate mguu.

5. Jenga kwa umeme mdogo, betri ya volti 9 au adapta yake. Mambo ya kufungua amplifaya zenye umeme wa ukutani kama hujafundishwa, usiguse. Kapasita kubwa zinaweza kukupiga hata zikiwa zimechomolewa.

6. Andika kila pedeli kwenye daftari: nani, lini, dayodi gani, kapasita gani. Akirudi mwaka kesho anasema "nitengenezee kama ile", unafungua ukurasa.

7. Toa dhamana ya miezi sita kwa maandishi. Ile asilimia 10 uliiweka kwa kazi hiyo.

NENO LA MWISHO

Mji wetu umezoea kuwa njia. Karavani zilipita. Reli ya Kati ikafika hapa mwaka 1912 na kwenda zake Kigoma mwaka 1914. Malori yanapita, na SGR nayo inakuja. Kila chombo kinaleta mzigo uliotengenezwa mbali na kuondoka na hela. Mpagazi alibeba pembe mabegani mpaka pwani, alilipwa ujira wake, lakini bei ya pembe ilipangwa na wengine.

Ila kuna kitu kingine kwenye ile historia, watu hawakisemi sana. Kwenye soko hilo hilo la Unyanyembe yaliuzwa majembe ya chuma yaliyofuliwa huku huku bara, hasa na wahunzi wa upande wa Uzinza karibu na Ziwa Victoria. Yalilima mashamba, yalilipia hata mahari. Merikani ilitoka ng'ambo ya bahari, lakini jembe lilitengenezwa na mtu anayeujua udongo wa huku na mkono wa anayelima.

Sisemi tufunge maduka ya vitu vya China. Mimi mwenyewe aisii zangu hazioti Tabora. Nasema kwenye kila mzigo unaopita mikononi mwako, tafuta sehemu moja ambayo wewe unaijua kuliko aliyeutuma, uifanyie kazi, uiandikie bei, na hela ya hiyo sehemu ibaki hapa.

Yule mzee wa kwaya pedeli yake ameshaichukua, na ameshaleta oda ya pili, ya kijana wake wa besi. Anataka besi ikwaruze kidogo pia. Hiyo saketi ni nyingine kabisa, ndiyo ipo mezani sasa hivi.

Kazi njema, na biashara ikawe nyepesi.